Raba za boti zinanata kama halua: je, mpira asilia unaweza kugeuzwa ustahimili joto?

*"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Amu (Lamu). Vipuri vyatoka Mombasa na mara nyingi huchelewa, kwa hivyo mwaka jana nilinunua madumu mawili ya mpira wa maji, ule mweupe unaonuka amonia. Napaka juu ya kitambaa tabaka kwa tabaka, natengeneza mikono ya kuungia paipu za maji ya kupozea injini na za ekzosi, na pia raba za kukalia injini. Zikiwa mpya ni nzuri sana. Ikiingia Kaskazi na boti zina safari nyingi, zalainika, zanata kama halua, nyengine zachanika kwenye klipu. Mwenzangu aniambia nizichemshe na unga wa kiberiti upele. Kijana wangu naye amesoma kwamba mpira ukitiwa asidi ya fomiki na peroksaidi ya haidrojeni wageuka kuwa mpira mwengine, usiovunjika mpaka joto lipite digrii 300. Je, naweza kufanya hayo hapa karakana? Na kama siwezi, nifanye nini?"*

Waalaikum salaam, fundi. Nimelisoma swali lako mara mbili. Wewe unataka kujua namna ya kuubadilisha mpira, lakini mimi naona kuna jambo linalotangulia hapo. Kwa maelezo yako, mpira unaotumia haujapikwa, yaani haujaimarishwa kwa salfa na moto. Mpira mbichi hauwezi kustahimili chumba cha injini hata ukiwa bora kuliko wote duniani, na hakuna haja ya kuugeuza kitu kingine kabla hujaupa kile ambacho kila tairi, kila kandambili na kila mpira wa kuchezea umepewa.

Mpira wa maji ni utomvu wa mti wa Hevea, ambao asili yake ni Brazil na siku hizi hulimwa zaidi Asia ya Kusini-Mashariki. Ndani ya dumu kuna chembe ndogo mno za mpira zikielea majini, na amonia imetiwa ili zisichache wala kugandana. Ukipaka na kuanika, maji yanaondoka, chembe zinashikana, unapata ngozi inayovutika. Lakini ndani ya ngozi hiyo mna minyororo mirefu ya molekuli iliyolaliana tu, kama kamba zilizorundikwa ghalani bila kufungwa. Kukiwa na ubaridi zinashikana kwa kusongamana. Joto likipanda zinateleza moja juu ya nyingine, na hapo ndipo unapopata halua yako.

Usichukue neno langu, jaribu mwenyewe. Kata kipande cha ukubwa wa kucha kutoka kwenye mkono uliotengeneza, na kingine cha ukubwa huohuo kutoka tyubu kuukuu. Vitie kila kimoja katika chupa yake ya kioo yenye petroli, ufunike, uviache nje kivulini mbali na moto mpaka kesho. Cha tyubu kitavimba lakini kitabaki kipande. Chako kikigeuka uji, basi hakijapikwa. Kikivimba tu kama mwenzake, nitakuwa nimekosea, maana yapo madumu yanayouzwa yakiwa na mpira uliokwisha kupikwa ndani ya maji, na shida yako itakuwa ni ile nitakayoifikia mbele.

Hili la mpira mbichi ni kongwe. Miaka ya 1830 Wamarekani walishikwa na wazimu wa mpira: makoti, viatu, mifuko, vyote vikayeyuka majira ya joto na viwanda vikafilisika. Charles Goodyear alidhani ameipata dawa, nayo ilikuwa kupaka asidi ya nitriki juu ya mpira. Uso ulikauka vizuri, hata akapewa kazi ya kutengenezea serikali mifuko ya barua. Baada ya wiki chache za joto mifuko ikaharibika ghalani, kwa kuwa asidi ilikuwa imegusa ngozi ya juu tu na ndani mpira ulikuwa uleule. Mwaka 1839 ndipo alipogundua kwamba salfa, yaani kiberiti upele hicho hicho, ikichanganywa ndani ya mpira na kutiwa moto wa kutosha, inafunga ile minyororo mmoja kwa mwingine.

Sasa ushauri wa mwenzako. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu. Unga wa kiberiti hauyeyuki majini, kwa hiyo ukichemsha sufuriani utakaa chini na raba itaelea juu, kila mmoja na lake. Hata kama ungeingia, digrii 100 za maji hazitoshi: salfa peke yake, sehemu 8 kwa kila sehemu 100 za mpira, huchukua kama saa 5 kwa digrii 140. Ndiyo maana viwandani huongezwa oksidi ya zinki na dawa za kuchapuza zinazoshusha muda huo mpaka dakika chache. Ukiamua kuichoma salfa kwa moto mkali ili iingie kwa nguvu, itawaka na kutoa moshi wa dioksidi ya salfa, ambao unakaba pumzi. Karakana ya Amu, kwenye vichochoro vyetu, ndipo mahali pabaya kabisa pa kuuachia moshi huo.

Tuseme umepata njia ya kupika. Wengi hudhani kwamba salfa ikiwa nyingi zaidi mpira utastahimili joto zaidi. Mambo ni kinyume. Fikiria mtepe wa zamani, ule wa mbao zilizoshonwa kwa kamba ya makumbi. Mshono mfupi uliokazwa unashika. Mshono mrefu unaolegea unakuja na kurudi mpaka unakatika. Salfa ikiwa nyingi na kichapuzi kidogo, daraja linalounga mnyororo na mnyororo huwa na atomi nyingi za salfa zilizofuatana, tatu, nne, hata nane. Atomi za salfa hazishikani kwa nguvu, hivyo joto linazikata, na mpira uliokuwa mgumu unarudi kulainika. Ukigeuza kipimo, ukatia salfa chini ya sehemu 1 na kichapuzi sehemu 3 au zaidi, unapata madaraja ya atomi moja au mbili, mafupi, ambayo joto haliyavunji kirahisi. Kuna na njia ya tatu, ya kupika kwa peroksaidi maalumu bila salfa kabisa, ambapo kaboni inashikana na kaboni. Huo ndio mshono imara kuliko yote, ingawa mpira wake huchanika upesi zaidi na haupendi kukunjwa mara nyingi.

Haya mabadiliko ya mshono ndiyo hatua kubwa na rahisi kuliko zote kwa mtu anayetaka mpira asilia uvumilie joto. Ni nadra kutajwa, kwa sababu hayana mvuto wa maabara.

Lakini hata mshono ukiwa mfupi, bado kuna mbao zenyewe. Mnyororo wa mpira asilia umejengwa kwa kipande kimoja kinachojirudia maelfu ya mara, na ndani ya kila kipande kuna kifungo maradufu kati ya kaboni mbili. Kifungo hicho ndicho kinachowezesha salfa kushika, na ndicho pia mlango wa adui. Oksijeni ya hewani, ikisaidiwa na joto, hupokonya haidrojeni iliyo jirani na kifungo hicho. Pale palipoachwa wazi pananasa oksijeni nyingine, inazaliwa peroksaidi ndani ya mpira wenyewe, nayo inapasuka na kuanzisha mapigo mengine. Moto wa makuti hausubiri kuitwa nyumba ya pili. Katika mpira asilia matokeo ya kwanza ni minyororo kukatika, kwa hiyo unalainika na kunata. Baadaye sana ndipo unapokakamaa na kupasuka. Kwa kukadiria tu, kila joto linapoongezeka digrii 10 kasi ya uharibifu hukaribia kuongezeka mara mbili. Raba iliyodumu miaka 4 kwenye digrii 60 usitarajie ifikishe zaidi ya mwaka mmoja kwenye digrii 80.

Kwa hiyo jifunze kusoma maiti ya raba. Ikinata kote mpaka ndani, ni mbichi au mshono wake umerudi nyuma. Ikinata uso tu, hasa pale inapogusana na kipande cha shaba, ni oksijeni iliyopata msaidizi. Shaba na manganizi ni sumu kwa mpira asilia, na chembe kidogo tu huharakisha mno mapigo yale niliyoyaeleza. Nakuuliza: hiyo mikono yako huungia paipu za nini? Kama ni za shaba, kama zilivyo nyingi baharini, hapo una mshukiwa wa pili. Ikivimba na kuwa kama sifongo, ni dizeli au oili. Na usisahau sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka vyombo; ni mafuta pia, na raba ya mpira asilia haiyapendi. Ikipasuka nyufa ndogo sambamba pale ilipovutwa, hiyo ni kazi ya ozoni, gesi ya jamii ya oksijeni iliyomo hewani, na hata kivulini hutokea.

Sasa tufike kwa kijana wako, ambaye kusema kweli nimempenda kwa kusoma kwake. Alichokisoma kipo. Asidi ya fomiki na peroksaidi ya haidrojeni zikikutana hutoa asidi nyingine kali, inayobandika atomi ya oksijeni juu ya kile kifungo maradufu, ikafanya pete ndogo. Mpira unaotokea unaitwa mpira wa epoksi, na Malaysia wanautengeneza kibiashara. Ule ambao nusu ya vifungo vyake imegeuzwa hustahimili oili karibu sawa na mpira wa naitraili wa daraja la kati, ule wa viwandani unaovumilia mafuta, nalo ni jambo la ajabu kwa kitu kilichotoka mtini. Hauruhusu hewa kupita kwa urahisi na unashika vizuri kwenye barabara yenye maji.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Kustahimili oili si kustahimili joto. Mpira wa epoksi uliopikwa kwa salfa nyingi huzeeka vibaya kwenye joto, pengine kuliko wenzake, kwa sababu salfa ikioksidika hutoa asidi, na asidi inafungua zile pete za oksijeni moja baada ya nyingine mpaka mpira unakakamaa. Wanaoutumia huupika kwa salfa kidogo na kuutia kitu cha kuzimua asidi. Aidha kila asilimia moja ya vifungo iliyogeuzwa hupandisha kiasi cha digrii moja lile joto ambalo chini yake mpira hugeuka kioo. Mpira asilia hufika huko karibu na digrii 70 chini ya sifuri, na ule wa nusu kwa nusu karibu na 20 chini ya sifuri. Kwetu Lamu baridi hiyo haitufikii, lakini mpira huo hata kwenye joto la kawaida ni mzito kuruka, na kama raba ya kukalia injini inapata moto wake wenyewe kwa kutikisika.

Na hiyo digrii 300? Nina hakika ameiona kwenye mchoro. Kipimo hicho hufanywa kwa kukipasha moto kipande kidogo ndani ya gesi ya naitrojeni, dakika kwa dakika, huku kikipimwa uzito. Mpira asilia wa kawaida, ambao haujaguswa na dawa yoyote, nao hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake ukiwa umeshavuka digrii 300. Ungeamini kipimo hicho ungeuweka kwenye ekzosi kavu, ile isiyopitishwa maji ya kupozea. Lakini chumba cha injini kina oksijeni, kina miezi badala ya dakika, na raba hufa kitambo kabla ya kupungua hata gramu moja. Kwa kazi ya kudumu mpira asilia mhesabie digrii 70 hivi, 80 ukiwa umepikwa kwa mshono mfupi na kutiwa dawa za kuzuia oksijeni. Ukiambiwa mpira fulani umepandishwa ustahimilivu, uliza: hewani au kwenye naitrojeni, kwa saa ngapi, na baada ya hapo ulivutika kiasi gani?

Njia inayoziba mlango wenyewe ni nyingine: kuongeza haidrojeni mpaka kifungo maradufu kitoweke. Hufanywa utomvu ukiwa bado maji, kwa haidrazini na peroksaidi ya haidrojeni, na ayoni za shaba kama kichocheo. Ndiyo, shaba ileile niliyoilaani hapo juu. Kemia ina mizaha yake. Mnyororo unaobaki hauna pa kushikwa na oksijeni wala ozoni, na joto unalistahimili kweli. Tatizo ni kwamba ukimaliza umepata kitu chenye umbo lilelile la mpira wa ethilini na propilini, ambao viwanda huutoa kwenye mafuta ya petroli kwa bei nafuu zaidi, na ndugu yake EPDM unaununua kwa mita dukani. Isitoshe, ukiondoa vifungo vyote salfa haina pa kushika tena.

Je, lolote kati ya hayo lifanyike karakana? Hapana, fundi, na hapa sitazunguka. Asidi ya fomiki ndiyo wakulima wa mpira wanayotumia kugandisha utomvu. Ukiimimina ndani ya dumu lako bila kwanza kupunguza amonia na kutia sabuni ya aina maalumu, utapata donge jeupe na hasara. Nilipokuwa mwanafunzi nililipata donge hilo mbele ya darasa zima. Hiyo ndiyo ajali nyepesi. Peroksaidi kali inaunguza ngozi na macho, ikigusa kutu au shaba inachemka na kutoa oksijeni kwa kasi, na mchanganyiko wake na asidi ya fomiki unaweza kulipuka ukipata moto au ukifungiwa kwenye chombo. Haidrazini ni sumu, na hushukiwa kuleta saratani. Mwambie kijana asome, aulize, aende chuo akaifanye kwenye kabati la maabara la kuvuta hewa chafu, na mtu anayejua pembeni. Pale karakana asiiguse.

Basi ufanye nini? Anza na ekzosi, maana hapo ndipo roho za watu zilipo. Mkono wa ekzosi ya maji ukilegea, maji ya bahari na moshi vinaingia ndani ya chombo, na abiria wa Mokowe au Manda hawatajua mpaka boti iwe nzito. Toa mikono yote uliyotengeneza hapo, wiki hii, usingoje Kaskazi. Nunua paipu ya ekzosi ya boti iliyopigwa chapa ya ISO 13363. Ekzosi kavu usiiwekee mpira wowote. Paipu za dizeli au petroli nazo ziwe na chapa ya ISO 7840, ambayo maana yake zimejaribiwa kwa moto.

Kwa maji ya kupozea angalia ni maji gani. Injini inayopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari huendeshwa chini kidogo, digrii 60 hivi, ili chumvi isigande ndani. Ile yenye maji yasiyo na chumvi yanayozunguka ndani hufika 80 au 90. Kwa zote mbili paipu ya EPDM ni chaguo zuri na bei yake si ya kutisha, mradi isiguswe na oili wala dizeli, kwa maana EPDM haivumilii mafuta hata kidogo. Palipo na mafuta tumia naitraili, inayofika digrii 100 hivi. Neoprini iko katikati, inavumilia kidogo kila kitu. Silikoni inafika 200, watu huiona rangi yake ya buluu wakadhani ndiyo mwisho wa mambo, lakini huchanika kirahisi kwenye klipu kali na mafuta huivimbisha.

Raba za kukalia injini ndipo mpira asilia unapostahili kubaki. Hakuna unaoushinda kwa kubeba mtikisiko siku nenda siku rudi bila kuchoka. Ila uwe umemiminwa kwenye kalibu, ukapikwa pamoja na bamba lake la chuma. Utomvu uliopakwa kwenye kitambaa hauwi raba ya namna hiyo. Ukizinunua, zikinge: bati dogo kati yake na ekzosi, na trei ya kudakia oili. Digrii 10 utakazopunguza kwa kipande cha bati, kwa hesabu ile ya hapo juu, zinakaribia kukupa maradufu ya umri bila kemia yoyote.

Kama bado unataka kutengeneza vitu mwenyewe, uliza Mombasa utomvu uliopikwa tayari, na umwambie muuzaji ni kwa ajili ya kuchovya, si gundi. Kabla hujamfungia mteja, fanya jaribio la kijiji. Kata vipande vinne vya upana wa kidole. Viwili viweke kabatini, viwili vitundike karibu na injini inayofanya kazi kila siku, pasipoguswa na mafuta. Baada ya wiki mbili vivute kwa pamoja. Tofauti utaihisi mkononi kabla ya kuiona. Ukitaka namba za kusimamia, hasa kama unafikiria kuuza, peleka vipande KIRDI (taasisi ya utafiti wa viwanda ya Kenya) au KEBS (shirika la viwango) uulize kama watakupimia kuzeeka kwa joto. Na kwa boti ya abiria, mwoneshe mkaguzi wa Kenya Maritime Authority ulichokibadilisha, umwambie wazi kilikuwa nini. Mikono ikishaanza kuvuja, au ukisikia harufu ya moshi ndani ya chombo, boti isitoke gatini mpaka fundi mwingine wa injini ameitazama pamoja nawe.

Kuna aliyekwisha kuniuliza kama utomvu wa miti yetu ungefaa zaidi. Majani ya kisamvu cha mpira tunayoyapika kwa nazi ni ya Manihot glaziovii, mti ulioletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya utomvu wake, na hata kabla yake watu wa pwani walikuwa wakikusanya mpira wa mwitu kutoka kwenye mitambaazi ya Landolphia msituni. Molekuli ya mpira ni ileile, na vifungo vyake ni vilevile. Endelea kula kisamvu.

Dumu la pili kama hujalifungua, liweke kivulini, kifuniko kikazwe ili amonia isitoke, na ulitumie kwa vitu visivyokaa kwenye joto: kugundisha zulia la sitaha, kufunika mpini wa kasia, kuzibia turubai. Usilihifadhi kwenye chombo cha shaba.